Iran na Qatar wanachota gesi sehemu moja, mbona mmoja tajiri na mwingine anafunga shule kwa kukosa umeme?

Iran ikitajwa kwenye taarifa ya habari watu wanaongea makombora, nyuklia, Israel na Marekani, na maswali tunayoletewa ofisini kwetu karibu yote ni hayo hayo, "kwani Iran ina nguvu kiasi gani?" Mimi fani yangu ni uchumi wa nishati kwahiyo nitajibu kwa njia yangu, naanzia baharini kwenye gesi, maana hapo ndo utaielewa hii nchi kuliko ukikaa kuhesabu makombora yake.

Katikati ya Ghuba, chini ya bahari, kuna eneo la gesi kubwa kuliko yote duniani, kama kilomita za mraba 9,700, na mpaka wa Iran na Qatar unapita juu yake. Kilomita kama 6,000 ziko upande wa Qatar, wanauita North Field, na kama 3,700 ziko upande wa Iran, wenyewe wanauita South Pars. Sasa mpaka ni mstari wa kwenye ramani tu, gesi huko chini haiujui, inakimbilia kule inakovutwa zaidi. Ni majirani wawili wenye kisima kimoja, mmoja kafunga pampu na mwenzake anateka kwa kata, anayechelewa hakuti maji yake yanamsubiri.

Qatar hawakuchelewa. Waliingia ubia na makampuni makubwa ya Marekani, Ufaransa na Japani, wakajenga mitambo ya LNG, yaani gesi inapozwa mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri inageuka kimiminika, inapungua ujazo kama mara 600, alafu inapakiwa kwenye meli kama mafuta. Meli yao ya kwanza iliondoka kwenda Japani mwishoni mwa 1996. Baada ya hapo wakafikia uwezo wa tani milioni 77 kwa mwaka, na mwaka 2024 wakatangaza mpango wa kufika tani milioni 142 kabla 2030 haijaisha. Hii ni nchi ya watu kama milioni 3 tu na wengi wao ni wageni waliofuata kazi.

Njoo upande wa pili. Iran ina watu karibu milioni 90, ukubwa wake ni kama Tanzania moja na robo tatu, akiba yake ya gesi ni ya pili duniani baada ya Urusi, mafuta ina mapipa zaidi ya bilioni 200 ardhini. Inazalisha chuma kama tani milioni 30 kwa mwaka, inaunda magari, zafarani ya dunia karibu yote inatoka kwake, na wasomi wapo wa kutosha, Maryam Mirzakhani aliyekuwa mwanamke wa kwanza kupata medali ya Fields ya hisabati mwaka 2014 alizaliwa na kusoma Tehran mpaka chuo kikuu. Ila gesi ya South Pars ilianza kutoka 2002, na mradi wao mkubwa wa LNG pale Tombak ulikwama njiani vikwazo vya kiuchumi vya nchi za Magharibi vilipobana. Gesi kidogo wanayouza nje inapita kwenye mabomba kwenda Uturuki na Iraq, iliyobaki inaishia ndani ya nchi na bado haitoshi, Desemba 2024 mikoa mingi ilifunga shule na ofisi za serikali kwa sababu baridi ilikuwa kali na gesi na umeme havikutosha. Mimi hili linaniuma kusema kweli, mtoto anakosa shule kwa ukosefu wa nishati ndani ya nchi iliyokalia gesi kiasi hicho.

Imefikaje huko? Ugomvi na Magharibi haukuanza na nyuklia. Mafuta yaligunduliwa Masjed Soleyman mwaka 1908, kampuni ikawa ya Waingereza, faida kubwa ikaenda London. Mwaka 1951 waziri mkuu Mohammad Mossadegh akayataifisha, Uingereza wakawawekea mgomo wa kununua mafuta, na Agosti 1953 akapinduliwa kwa mpango wa mashirika ya kijasusi ya Marekani na Uingereza, CIA wenyewe nyaraka zao za kukiri zilitolewa hadharani 2013. Kisha mapinduzi ya 1979, ubalozi wa Marekani ukavamiwa na Wamarekani 52 wakashikiliwa siku 444. Kila upande una kidonda chake na kila upande unahesabu kuanzia siku yake, Muirani anaanzia 1953, Mmarekani anaanzia 1979.

Sasa vikwazo, watu wengi wanadhani ni kukatazwa kuuza mafuta basi. Hapana, vikwazo vinakaba kwenye benki, bima na meli. Marekani inamwambia mtu wa nchi ya tatu kabisa, ukifanya biashara na Iran hutagusa dola. Mwaka 2014 benki ya BNP Paribas ya Ufaransa ilikubali kulipa karibu dola bilioni 9 kwa kupitisha malipo ya Sudan, Iran na Cuba, na baada ya hapo we fikiria meneja gani wa benki Ulaya atakubali kugusa hela yenye harufu ya Tehran hata kama biashara yenyewe ni halali.

Mkataba wa nyuklia kati ya Iran na mataifa makubwa, uliofikiwa Vienna Julai 2015, ulileta matumaini kweli. Iran ikakubali kurutubisha urani isizidi asilimia 3.67 na ikaruhusu ukaguzi mkali, vikwazo vikalegezwa Januari 2016, na 2017 kampuni ya mafuta ya Ufaransa, Total, ikasaini dili ya karibu dola bilioni 5 na Wachina wa CNPC kuendeleza awamu ya 11 ya South Pars. Mei 2018 Trump akaitoa Marekani kwenye mkataba na kurudisha vikwazo. Agosti Total wakaondoka, 2019 Wachina nao wakaondoka, na kwa maoni yangu hapo ndo Magharibi ilipoharibu zaidi, maana waliokuwa Tehran wakisema "tukisaini tutapata" walibaki hawana la kujitetea mbele ya wale wenye msimamo mkali. Ufaransa, Ujerumani na Uingereza walianzisha mfumo wa malipo wa kupita pembeni ya dola, INSTEX, ukaja kufungwa 2023 haujapitisha cha maana. Kufika 2021 Iran ikawa inarutubisha mpaka asilimia 60.

Mafuta yao bado yanauzwa lakini angalia yanavyouzwa. Meli inapakia kisiwani Kharg, inazima kifaa kinachoonyesha iko wapi, inakwenda mpaka bahari ya karibu na Malaysia, inasogezwa ubavuni mwa meli nyingine, mipira mikubwa inaunganishwa na mafuta yanahamishwa hapo hapo juu ya maji. Makaratasi yanabadilika yanasomeka yametoka Malaysia, mpaka takwimu za China zinaonyesha inanunua "Malaysia" mafuta mengi kuliko Malaysia yenyewe inayochimba! Mzigo unaishia kwa viwanda vidogo vya kusafisha mafuta mkoani Shandong, kwa bei ya punguzo, malipo mara nyingi kwa yuani, na sehemu kubwa ya hela hiyo inarudi kununua bidhaa za China. Kwahiyo muuzaji ana mzigo lakini hapangi bei wala hachagui mteja.

Ila kuwatupia Wamarekani lawama zote sio haki, Wairani wenyewe wanalijua hilo. Makampuni ya nje yalipoondoka tenda nyingi zilikwenda kwa makampuni ya Walinzi wa Mapinduzi, ambao ni jeshi na ni mkandarasi na ni mwanasiasa kwa wakati mmoja, nani atawakagua? Nishati inauzwa ndani kwa bei ya chini mno, inafujwa na kuvushwa mipakani kimagendo, na serikali ikipandisha bei watu wanaingia barabarani kama Novemba 2019, wengi waliuawa. Hela nyingi ikaenda kwa washirika wa nje, Hezbollah wa Lebanon, Rais Assad wa Syria, Wahuthi wa Yemen. Uwekezaji huo ulionekana ngao imara mpaka 2024, kiongozi wa Hezbollah, Nasrallah, akauawa Septemba, Assad akaanguka Desemba, na Juni 2025 vita ikaingia Iran kwenyewe, Israel ikapiga hata mtambo wa gesi wa South Pars, na Marekani ikapiga vituo vya nyuklia vya Fordow, Natanz na Isfahan.

Kwetu Afrika Mashariki hii habari inafika kwenye pampu ya mafuta. Mlango wa Hormuz, njia ya bahari ambayo meli zinatokea Ghuba, sehemu nyembamba kabisa ni kama kilomita 33, na mwaka 2024 ulipitisha wastani wa mapipa milioni 20 kwa siku, moja ya tano ya mafuta yanayotumika duniani. Petroli na dizeli zinazoshushwa Mombasa na Dar es Salaam sehemu kubwa zinatoka Ghuba, kwahiyo kukiwa na hofu pale bima ya meli inapanda na bei yako inapanda hata kama hakuna risasi iliyopigwa. Na Watanzania tunayo gesi yetu ya baharini Lindi na Mtwara, futi za ujazo kama trilioni 47, mazungumzo ya LNG yamekwenda miaka mingi, kwahiyo tofauti ya Iran na Qatar sisi tuna sababu ya kuisoma vizuri.

Septemba 2025 vikwazo vya Umoja wa Mataifa vilirudishwa. Na huku chini ya bahari mgandamizo wa gesi upande wa Iran unashuka, dawa yake ni majukwaa yenye mashine kubwa za kusukuma gesi, yenye uzito wa maelfu ya tani, teknolojia ambayo Total walitakiwa kuileta. Machi 2025 serikali ilisaini mikataba ya dola bilioni 17 na makampuni ya ndani kuifanya kazi hiyo wenyewe. Mainjinia wanao, hilo halina ubishi, ngumu ni kupata mashine zenyewe na hela ya kuzinunua wakati benki za dunia zimewafungia mlango, na wakati huo huo Qatar anaongeza pampu.