Leseni ya miaka 5, macho ya leo: wanayokosea madereva wazee wa Tanga

"Leseni yangu haijaisha, kwa hiyo niko sawa."

Leseni ya udereva Tanzania hudumu miaka 5. Zamani ilikuwa 3, mpaka mwaka 2019 muda ulipoongezwa na ada ikapanda kutoka shilingi 40,000 hadi 70,000. Kwa mzee wa miaka 65, miaka 5 inatosha kabisa mtoto wa jicho kuanza kama ukungu mwepesi na kufika mahali hamtambui mtu aliye ng'ambo ya barabara, na tarehe iliyochapwa kwenye kadi bado haijafika. Ukivuka 60, pima macho kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Mwenye kisukari, au ambaye kwao kuna presha ya macho, apime kila mwaka bila kukosa.

"Mbona naona vizuri tu?"

Jicho zima humfichia mgonjwa ubovu wa lile jingine. Uingereza sheria inamtaka dereva asome namba ya gari kwa umbali wa mita 20 mchana, na kipimo hicho unaweza kukifanya hata hapo Raskazone. Toka kwenye gari lililoegeshwa, hesabu hatua ndefu 25, geuka usome namba yake. Kisha ziba jicho moja, usome tena. Ziba la pili. Herufi zikichanganyika, nenda kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo.

Ukifaulu, usijipe moyo kupita kiasi. Presha ya macho hula pembeni kwanza, polepole, bila maumivu. Namba ya gari utaisoma, lakini bodaboda anayetokea kwenye kichochoro cha Ngamiani hutamwona. Sehemu iliyokwisha kupotea hairudi. Dawa huokoa iliyobaki tu.

"Miwani ninayo."

Ipi? Ya kusomea, inayouzwa sokoni bila kupimwa, imetengenezwa kwa umbali wa gazeti. Ukiivaa barabarani, dashibodi utaiona safi na kila kilicho mbele ya gari kitafifia. Ya kuendeshea hupimwa kwa kuona mbali.

"Mtoto wa jicho asubiriwe mpaka aive."

Hii imewaumiza wazee wengi. Ushauri huo ni wa enzi za upasuaji wa zamani. Siku hizi mtu hupasuliwa pale ukungu unapoanza kumzuia kufanya shughuli zake, na kuendesha gari ni mojawapo. Ukimwacha aive mno, lenzi huwa ngumu, upasuaji huwa mzito zaidi, na presha ya jicho inaweza kupanda. Hakuna dawa ya matone inayomyeyusha. Asali na maji ya majani jichoni vinaweza kuleta kidonda kwenye kioo cha jicho, na kovu lake ni balaa kuliko mtoto wa jicho mwenyewe. Baada ya upasuaji usishike usukani mpaka daktari akuruhusu. Hata siku ya kupimwa tu tafuta wa kukurudisha nyumbani, kwani matone ya kupanua mboni hutia ukungu kwa saa kadhaa.

"Usiku tatizo ni malori kupiga full."

Malori ni nusu ya tatizo. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja ya mwanga linaoupokea jicho la kijana wa 20, na likipigwa na taa kali huchelewa kurudi. Kwa kilomita 80 kwa saa unapita mita 22 kila sekunde. Taa za chini humulika kama mita 40 hadi 60. Kati ya Muheza na Segera, baiskeli isiyo na taa unaikuta ndani ya sekunde mbili au tatu. Ukimulikwa, punguza mwendo na fuata ukingo wa kushoto wa barabara. Futa kioo cha mbele kwa ndani pia: hewa ya pwani hukiachia utando unaotawanya mwanga. Miwani ya njano ya usiku haisaidii, inapunguza mwanga ambao tayari haukutoshi.

"Dawa za hospitali hazina neno."

Piriton, dawa ya mzio, na amitriptilini, dawa ya sonona na maumivu ya neva, husinziza. Insulini na glibenklamidi, dawa za kisukari, zinaweza kushusha sukari ghafla: kula kabla ya safari, na weka sukari au soda karibu.

"Kuhuisha ni kulipa tu."

Kinachowakwamisha wazee mara nyingi ni majina. Leseni ya zamani inasema Muhamedi, kitambulisho cha NIDA kinasema Mohamed, au mwaka wa kuzaliwa umepishana. Linganisha kadi zote wiki kadhaa kabla ya kwenda TRA, maana marekebisho huchukua muda, na leseni ikiisha huruhusiwi kuendesha.

Kingine ni alama za vidole. Vidole vilivyofanya kazi ya mkonge au nyavu miaka 40 vimesagika, na mashine hushindwa kuvisoma. Nawa mikono kwa sabuni, paka mafuta kidogo, futa, kisha bonyeza kidole taratibu. Kikikataa, omba kujaribu kingine.