SGR na barabara kuu za Uganda: ya kijiweni na ya mkatabani

Malaba, Naluwerere, Mbiko: popote malori ya kwenda Kampala yanapolala, ubishi wa SGR, ile reli mpya ya kisasa ya kutoka Malaba, mpakani na Kenya, hadi Kampala, haukosi. Mmoja anasema reli ni ya Wachina, mwingine anasema madereva wajiandae kulima, wa tatu ana shamba Butaleja, reli inakopita, na anataka kujua atalipwa fidia lini. Huyu wa tatu ndiye mwenye swali la maana, na ndiye asiyepewa nafasi ya kumaliza sentensi. Nimeyachukua madai yanayorudiwa sana, niyapime moja moja. Mengine hayahitaji maneno mengi.

"Hii ni reli ya Wachina"

Ilikuwa iwe. Mwaka 2015 serikali ya Uganda ilitia saini na kampuni ya China Harbour, ikitegemea mkopo wa benki ya Exim ya China. Mkopo ukasubiriwa mwaka hadi mwaka bila kutoka, na Januari 2023 mkataba ukavunjwa. Tarehe 14 Oktoba 2024 ukasainiwa mwingine na Yapi Merkezi ya Uturuki: kilomita 272 za njia kuu kutoka Malaba hadi Kampala, takriban euro bilioni 2.7, miezi 48 ya ujenzi. Novemba mwaka huohuo Rais Museveni akazindua kazi huko Tororo. Waturuki hao ndio waliojenga vipande vya Dar es Salaam hadi Makutupora kwa jirani zetu Tanzania. Kwa hiyo anayewalaumu Wachina kwa SGR ya Uganda ana deni la miaka kadhaa ya habari.

"Tukishindwa kulipa, wataichukua kama walivyochukua Entebbe"

Hakuna aliyechukua uwanja wa ndege wa Entebbe. Uvumi ulilipuka Novemba 2021, baada ya magazeti kuandika juu ya masharti ya mkopo wa Exim wa mwaka 2015, takriban dola milioni 200, wa kupanua uwanja huo. Mamlaka ya usafiri wa anga ilikanusha, ubalozi wa China ukakanusha, na watu wakaendelea kutumiana ujumbe uleule kwenye WhatsApp.

Mwaka 2022 watafiti wa AidData wa Marekani waliutoa mkataba wenyewe hadharani. Ukiusoma, uwanja haukuwekwa rehani. Lakini wasiwasi wa watu haukuwa wa bure pia: mapato ya uwanja yalifungwa kwenye utaratibu wa kulipa deni kwanza, na kulikuwa na akaunti ya akiba ambayo mkopeshaji angeweza kuigusa mkopo usipolipwa. Kinachochukuliwa katika mikopo ya namna hii ni hela, tena hela ambayo ingenunua vipuri na kulipa mafundi. Mbunge wako ukikutana naye, muulize mapato ya reli yataingia akaunti gani, na nani atachota wa kwanza. Ni swali gumu zaidi kulijibu kuliko "je, watatuchukulia reli?"

"SGR ni treni ya kasi, na ile ya zamani imekufa kwa sababu ni nyembamba"

Kasi kwanza, maana ni fupi. Treni ya abiria imepangwa kwenda kilomita 120 kwa saa, ya mizigo 100. Basi la usiku lenye dereva asiyeogopa Mungu linaikaribia. Tofauti kubwa ni uzito: reli yenye upana wa milimita 1,435, ikijengwa upya kwa tuta imara na kona pana, hubeba mzigo mzito kuliko hii tuliyorithi yenye milimita 1,000.

Lakini kusema ya zamani ilikufa kwa wembamba si kweli, na dhana hii inaniudhi kuliko zote. Reli hiyo ilifika Kampala 1931, Kasese 1956, Pakwach 1964. Ilibeba pamba, kahawa na shaba ya Kilembe ikiwa na upana uleule. Afrika Kusini wana reli ya Sishen hadi Saldanha, milimita 1,067 tu, na treni zake za madini ya chuma huburuta mabehewa zaidi ya 300 kwa mkupuo. Yetu iliuawa na kutotunzwa: mataruma yaliyooza, injini zilizosimama kwa kukosa vipuri, kisha ukodishaji wa mwaka 2006 kwa Rift Valley Railways uliokwisha vibaya baada ya takriban miaka kumi na moja. Reli pana isiyotunzwa nayo itaota nyasi. Na hapana, ya zamani haing'olewi. Njia ya Malaba hadi Kampala imetengewa fedha za ukarabati, na mpya inapita kwenye ardhi yake yenyewe.

"Treni ya umeme, na umeme wenyewe haupo"

Wa kuzalisha upo. Bwawa la Isimba, lenye uwezo wa megawati 183, lilizinduliwa 2019, na la Karuma, megawati 600, lilizinduliwa rasmi Septemba 2024. Udhaifu wetu uko kwenye nyaya za kusafirisha na kusambaza, kama anavyojua yeyote aliyekatikiwa umeme nguo zikiwa nusu pasi. Treni inahitaji laini zake na vituo vyake vya kupozea. Na hata mambo madogo huweza kuisimamisha: Tanzania walipoanza safari za Dodoma mwaka 2024, shirika lao la reli lilieleza kwamba hitilafu nyingine zilisababishwa na wanyama na ndege kugusa nyaya, akiwamo bundi. Watu walicheka, lakini ndiyo maelezo ya kifundi.

"Reli ikifika Malaba, mzigo wa Mombasa utatiririka hadi Kampala"

Utatiririka ukikuta reli upande wa pili. SGR ya Kenya ilianza Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017, ikasogea hadi Suswa, karibu na Naivasha, mwaka 2019, ikasimama hapo kwa miaka. Kutoka hapo hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 300, kupitia Kisumu. Wakenya walijenga bandari kavu Naivasha na kipande kifupi cha kuiunganisha na reli ya zamani ya Longonot, ili kontena lishushwe kwenye behewa pana na kupakiwa kwenye jembamba. Kila kontena linaponyanyuliwa, kuna winchi inayolipwa, kuna saa zinazopotea, na kuna karani wa kuweka mhuri.

Hii ndiyo hesabu ya mradi mzima. Kontena la Kampala linalotoka melini Mombasa lina zaidi ya kilomita 1,100 za kwenda. Likisafiri kwa reli moja mwanzo hadi mwisho, reli inaweza kuwa nafuu kuliko lori. Likishushwa na kupakiwa upya njiani, mwenye mzigo atapiga simu kwa mwenye lori, amalize. Mabishano ya nani anajenga upande wetu ni madogo mbele ya swali la lini ncha mbili zitakutana. Benki nazo zililijua hilo: Exim ilisita muda wote huo huku kipande cha Kenya kuelekea mpakani kikiwa bado karatasi.

Ndiyo maana pia njia ya kusini haijaachwa. Mzigo wa Dar es Salaam unaweza kufika Mwanza kwa reli, ukapanda meli, ukashukia Port Bell, bandari ya Kampala kwenye Ziwa Victoria. Haina sifa kwenye hotuba, lakini inawapa wafanyabiashara wa Kampala cha kusema wanapopandishiwa bei Mombasa.

"Madereva wa malori wamekwisha"

Kenya walijaribu kuwamaliza kwa amri. Mwaka 2019 makontena yalilazimishwa kupanda SGR, Mombasa ikaandamana wiki baada ya wiki, na Septemba 2022 Rais Ruto, siku zake za kwanza ofisini, akaamuru huduma za kutoa mizigo zirudi bandarini. Lori halikufa. Nadhani funzo hapo ni kwamba mzigo hufuata bei, na amri ikiondoka hurudi ulikotoka.

Nisiwadanganye madereva lakini. Reli ikikamilika pande zote mbili na ikawa nafuu, safari ndefu ya Mombasa hadi Kampala itapungua. Kitakachobaki ni kutoka bandari kavu kwenda Elegu kwa mzigo wa Sudan Kusini, Mpondwe kwa wa Kongo, na mitaani kwa wateja. Safari fupi, malipo mafupi. Mama anayeuza chapati na maharage Naluwerere usiku wa manane hayumo kwenye jedwali la fidia la mtu yeyote.

"Barabara kuu mpya zote ni za kulipia, maskini atapita wapi?"

Ya Kampala hadi Entebbe, kilomita 51 pamoja na kipande cha Munyonyo, ilifunguliwa 2018 kwa dola milioni 476, nyingi zikiwa mkopo. Tozo ilianza Januari 2022, shilingi 5,000 kwa gari dogo. Barabara ya zamani ya Entebbe ipo palepale, bure, na foleni yake. Boda boda hazikuruhusiwa kwenye ile mpya, na hilo ndilo lalamiko la haki zaidi, kwa sababu wengi wanaoishi pembeni yake husafiri kwa boda. Ya Kampala hadi Jinja ilipangwa pia kuwa ya tozo, na Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha zake mwaka 2018. Miaka ikapita bila tingatinga.

"Ukiwekewa alama, ardhi imekwenda, utalipwa wakijisikia"

Hapa nitakaa kidogo, maana dhana hii inaumiza watu kila siku.

Ibara ya 26 ya Katiba ya 1995 inataka fidia ya haki ilipwe upesi, na ilipwe kabla serikali haijaingia kwenye ardhi. Sheria ya kutwaa ardhi ya 1965 iliruhusu kinyume chake, hadi Oktoba 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Asumani Irumba dhidi ya mamlaka ya barabara, iliposema kifungu hicho ni batili. Mwaka 2017 serikali ilileta mswada wa kubadili Katiba ili iweze kuingia huku ikiweka pesa mahakamani. Wananchi wakaukataa, ukaondolewa. Kwa hiyo kigingi chenye rangi nyekundu kinaonyesha njia ilipopimwa. Hakihamishi umiliki.

"Mwenye kibanja halipwi, ni mwenye mailo tu." Hapana. Aliye kwenye kibanja, yaani anayeishi na kulima kihalali juu ya ardhi ya mailo ambayo hati yake ni ya mtu mwingine, ana masilahi kwenye ardhi, na hayo huthaminiwa pamoja na nyumba na mazao yake. Mthamini anapokuja hutembea na fomu: mibuni mingapi, migomba mingapi, fenesi, choo, kisima, makaburi. Tembea naye. Hesabu naye. Mbuni mchanga na mbuni unaozaa hazina bei moja, na viwango vya mazao hupangwa na bodi ya ardhi ya wilaya, kwa hiyo jirani wa wilaya ya pili anaweza kupata kiasi tofauti bila mtu yeyote kuiba. Ardhi ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, basi mke asiachwe jikoni siku ya kusaini.

Pagumu zaidi ni mabondeni, kama kwenye mashamba ya mpunga ya Butaleja. Katiba inasema ardhi oevu ya asili iko mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi. Mtu aliyelima bonde alilolima babu yake anaambiwa mpunga unaweza kuhesabiwa, ardhi hapana. Kisheria jambo hilo lina msingi. Kwa familia isiyo na shamba lingine, ni kuhamishwa kwa bei ya msimu mmoja, na sioni mradi wa mabilioni ya euro ukikosa namna ya kulipa zaidi ya hapo.

Na kuna asilimia ambayo wengi hawaisomi. Juu ya jumla ya fidia, Sheria ya Ardhi inaongeza asilimia 15 ya usumbufu. Ukipewa notisi ya chini ya miezi sita, inakuwa 30. Kabla ya kusaini, tazama tarehe kwenye notisi, hesabu miezi kwa vidole, kisha tazama karatasi imeandika ipi.