La sita halioti tena

"Dokta, ling'oe tu. Si la utotoni hilo? Litaota jingine."

Mama aliyesema hivyo alikuwa na haraka ya kurudi gengeni kwake. Mwanawe wa miaka 7 alikuwa kajishika shavu tangu mlangoni. Nikamwita mama asogee, nikamulika, tukahesabu pamoja taya la chini kuanzia katikati kwenda nyuma: moja, mbili, tatu, nne, tano. Lililotoboka lilikuwa la sita.

"Mama, ya utotoni huishia la tano. Hili ndilo atakalozeeka nalo."

Akanyamaza. Simlaumu, maana gego hilo lina ujanja wake. Huota mtoto akikaribia miaka 6, nyuma kabisa ya magego ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Ukisubiri uone pengo kwanza, limeshaota, limeshaoza, nawe bado unaliita la utotoni.

Hata yale 20 ya utotoni yenyewe hayaondoki kwa pamoja. Ya mbele huanza kulegea kwenye miaka 6 au 7, lakini magego hukaa mpaka 10, mengine 12. Mtoto wa miaka 4 mwenye gego bovu akiambiwa "litatoka lenyewe" anaambiwa atafune upande mmoja miaka sita. Na liking'olewa mapema, la sita husogea mbele kuziba pengo. La ukubwani likija linakuta kiti kimekaliwa, linaota kombo. Wazazi hao hao hurudi baadaye kuniuliza kwa nini meno ya binti yao yamepandana.

Wakati ganzi inashika, nilimwonyesha mama jambo jingine. Mtoto anayelala na chupa ya maziwa yenye sukari au juisi huanza kuoza meno ya juu ya mbele. Ya chini yanakingwa na ulimi na mate. Inua mdomo wa juu uangalie pale jino linapokutana na fizi. Ukiona mstari mweupe kama chaki, uozo ndio unaanza, na hapo bado unazuilika kwa mswaki na dawa ya meno yenye floraidi. Chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele kinatosha. Kuanzia 3 hadi 6, punje ya njegere. Na mswaki aushike mzazi. Mtoto wa miaka 4 anautafuna tu.

Kuna na hili la "meno ya plastiki", linaloniudhi kuliko yote. Kichanga anaharisha, ana homa, fizi zimevimba, jirani anasema ana meno ya plastiki, yatolewe. Yanachokolewa kwa spoku ya baiskeli. Kinachotolewa ni chipukizi la chonge la kawaida kabisa, na la ukubwani lililo chini yake linaweza kuharibika palepale. Kuharisha kwenyewe kunabaki bila tiba.

Shimo la yule kijana lilikuwa halijafika kwenye mshipa, nikaliziba. Nilipotoka kuita mgonjwa mwingine, nikamkuta mama bado yuko kwenye benchi, kampakata mdogo wake kijana, tochi ya simu mkononi, kidole gumba kimeinua mdomo wa mtoto.

"Dokta, njoo kidogo. Huu mweupe ndio uliosema?"