Snake Plissken, kutoka New York hadi Los Angeles: yanayosemwa na yaliyo kweli

Escape from New York ilitoka mwaka 1981, na mwendelezo wake, Escape from L.A., ukaja mwaka 1996, ukiwa na mwongozaji yule yule, John Carpenter, na Kurt Russell yule yule akiigiza Snake Plissken, mfungwa aliyefunikwa jicho moja kwa kitambaa cheusi. Wapenzi wa filamu ya kwanza hawajawahi kuisamehe ya pili, lakini baadhi ya hoja zao hazina msingi.

Ipo dhana kwamba ile ya kwanza ilidharauliwa ilipotoka, ikaja kuthaminiwa baadaye na wafuasi wachache wasiobanduka. Sivyo. Iligharimu takriban dola milioni 6 na kuingiza kama milioni 25 katika sinema za Marekani. Ya pili ilimeza dola milioni 50, ikaambulia karibu milioni 25 zile zile. Iliyoanguka, basi, ni hii.

Wengi pia huamini kwamba mitaa ile ya kutisha ni ya New York yenyewe. Sehemu kubwa ya filamu ilipigwa St. Louis, katika jimbo la Missouri, na upande wa pili wa mto, East St. Louis, ambako moto wa mwaka 1976 ulikuwa umeacha magofu ambayo hakuna bajeti ya dola milioni 6 ingeweza kuyajenga. Hata pambano la ulingoni lilipigwa katika ukumbi wa stesheni ya reli ya St. Louis.

Dhana inayonifurahisha zaidi inahusu ile ramani ya mistari inayong'aa ambayo Snake anaiona akiwa ndani ya ndege isiyo na injini, kwa kuwa karibu kila mtazamaji huichukulia kuwa kazi ya kompyuta. Kompyuta za wakati huo zilikuwa ghali mno kwa kazi hiyo, kwa hiyo mafundi walitengeneza mji mdogo wa bandia, wakaupaka rangi nyeusi, wakabandika utepe unaoakisi mwanga kwenye kingo za majengo, kisha wakapitisha kamera juu yake. Mwaka 1996 kompyuta zilipatikana kweli, na safari ya nyambizi iliyochorwa kwazo imechakaa vibaya kuliko utepe ule. Hapo wakosoaji wana haki.

Wanapokosea ni pale wanaposema kwamba mwendelezo ni nakala iliyotengenezwa na watu waliotaka fedha tu. Andiko la mwendelezo lilikuwa limeagizwa tangu mwaka 1985, na Carpenter akalikataa kwa kuliona jepesi mno. Kazi ilifufuka baada ya tetemeko la Northridge lililoupiga mji wa Los Angeles Januari 1994, na safari hii Carpenter, mtayarishaji Debra Hill na Russell mwenyewe ndio walioandika. Ni kweli kwamba muundo haukubadilika: mfungwa anatumwa katika mji uliogeuzwa gereza, anahesabiwa saa, na mwilini amewekewa kitu cha kumuua. Ila katika filamu ya kwanza kitu hicho ni vilipuzi halisi shingoni, ilhali katika ya pili ni kirusi ambacho mwishowe kinabainika kuwa mafua ya kawaida. Aliyeandika hivyo anafanya dhihaka kwa makusudi, hata kama kwa maoni yangu dhihaka hiyo imetiwa chumvi kupita kiasi pale Snake anapoteleza juu ya wimbi la tsunami.

Na miisho haifanani hata kidogo. Mwaka 1981 Snake anambadilishia kaseti Rais aliyetumwa kumwokoa, ili mkutano wa amani usikie muziki badala ya siri ya kisayansi. Anamwaibisha mtu mmoja na kuondoka. Mwaka 1996 anabonyeza kifaa kinachozima umeme wa dunia nzima, kisha anawasha kiberiti gizani na kuvuta sigara.