Barua ya pepo kuhusu siasa haimo kitabuni

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu: pepo mzee anamwagiza mpwa wake amzamishe Mkristo katika siasa, awe analaumu wengine asijirekebishe. Chini huandikwa kwamba umetoka The Screwtape Letters, kitabu cha mwandishi C. S. Lewis chenye barua za pepo huyo kwa mpwa wake. Haumo. Kitabu hicho cha tashtiti, kilichochapishwa Uingereza mwaka 1942, kina barua 31, tena fupi. Zisome zote, hutaukuta.

Kinachochanganya watu ni barua ya 7. Humo pepo anataka uzalendo, au kupinga vita, kuchukue polepole nafasi ya imani. Hoja zinafanana, na sauti ya pepo huyo huigika kwa urahisi.

Onyo lenyewe mimi nalikubali, linanigusa. Lakini tafadhali, ukitumiwa ujumbe huo usiusambaze, na mweleze kwa upole aliyekutumia.