Uhandisi wa mifumo haukui kwa kufungua idara mpya

Wiki hii nimeulizwa tena kuhusu uhandisi wa mifumo, yaani fani ya kuunganisha sehemu za fani mbalimbali zifanye kazi kama kitu kimoja: "Chuo chetu kianzishe shahada ya uhandisi wa mifumo, au tununue kwanza programu ya kuchora modeli?" Swali hili limenichosha. Shahada si jambo geni. University of Arizona ilifungua idara yake mwaka 1961. Zana za SysML, lugha ya kuchora modeli za mifumo, nazo zipo tele. Kinachokosekana vyuoni ni mahali ambapo mwanafunzi hana budi kuunganisha kazi yake na ya mtu wa fani nyingine, na kuulizwa yeye pale kitu kizima kinapogoma.

Niliwahi kusimamia mradi wa mwaka wa mwisho. Kundi la umeme lilitengeneza saketi ya kugawa nguvu, kundi la kompyuta likatengeneza bodi ya udhibiti. Kila kundi lilijaribu kifaa chake peke yake, kikafanya kazi, likapata alama nzuri. Siku ya kuunganisha tulichomeka waya, na kabla hatujasogea tukanusa plastiki inaungua. Kundi moja lilihesabu pini za plagi likiitazama kwa mbele, jingine likiitazama kwa nyuma, upande zinakoingia nyaya. Pini ya kwanza ya hawa ikawa ya mwisho ya wale, na volti 12 zikapita kwenye njia ya data iliyotarajia 3.3.

Wengi wakisikia hivyo husema, "Basi waandike hati ya kiolesura," yaani makubaliano ya jinsi sehemu mbili zinavyokutana. Hapo ndipo ninapokereka. Mars Climate Orbiter, chombo cha NASA kilichotumwa kuizunguka sayari ya Mars, kilipotea tarehe 23 Septemba 1999 kwa sababu programu ya ardhini ilitoa hesabu za msukumo kwa pauni-sekunde, na waongozaji wa safari wakazisoma kama newton-sekunde, tofauti ya takribani mara 4.45. Hati ya kiolesura ilikuwepo, tena ilitaka newton! Ilichokosa ni mtu wa kupitisha namba halisi kutoka upande wa kwanza hadi wa pili na kuona zinatoka vipi. Kuandika makubaliano ni kazi moja, kuyahakiki ni nyingine, na vyuo hutoa alama kwa ile ya kwanza tu.

Mwaka huohuo wa 1999, vyuo viwili vya Marekani, Cal Poly na Stanford, vilionyesha njia. Vilikubaliana juu ya setilaiti ndogo, CubeSat: mchemraba wa sentimita 10 kila upande, uzito usiozidi kilo 1, na namna utakavyokaa kwenye kisanduku cha kuurushia. Ndani weka utakacho. Mpaka huo mmoja ukawafungulia wanafunzi wa nchi nyingi njia ya kwenda angani.

Kwa hiyo nataka nusu ya alama za mradi zitokane na mfumo mzima ukiwa umeunganishwa. Nataka mradi urithishwe kwa darasa linalofuata, maana hakuna kinachofundisha ubaya wa mahitaji yaliyoandikwa ovyo kama kuyarithi. Na mhadhiri anayetumia muhula mzima kupatanisha idara mbili ahesabiwe kazi hiyo anapoomba kupandishwa cheo. Leo hahesabiwi chochote, kwa hiyo anarudi kwenye makala za fani yake.

Shaka ninayo. Baadhi ya wenzangu wanashikilia kwamba somo hili halimfai mtu ambaye hajafanya kazi miaka kadhaa, na nimeona waliotoka kazini wakishika kwa wiki moja yale yanayowasumbua wa shahada ya kwanza muhula mzima. Wala siwezi kuthibitisha kwamba wanafunzi wangu wasingejifunza hayohayo kazini bila mimi.

Bodi iliyoungua ninayo bado. Kila kundi jipya nalikabidhi bodi hiyo pamoja na michoro yote miwili, naliambia litafute mchoro wenye kosa. Huchukua karibu saa nzima kabla mmoja hajauliza plagi ilitazamwa kutoka upande gani.