Sayansi Inayoanzia Kwenye Mfereji wa Kijiji

Nchini Marekani, kigezo kikuu cha kukitambua chuo kuwa kinahudumia jamii za Kihispania, yaani watu wenye asili ya nchi zinazozungumza Kihispania, ni kwamba angalau asilimia 25 ya wanafunzi wake wa shahada ya kwanza wawe wa asili hiyo. Baadhi ya vyuo hivyo viko mbali na miji mikubwa, kama vile Northern New Mexico College kilichoko Española na Adams State kilichoko Alamosa, Colorado. Huko wapo wanafunzi ambao familia zao zimelima bonde moja kwa vizazi vingi, na mimi, kama mtaalamu wa ufundishaji wa sayansi, naamini kwamba somo lao la haidrolojia, yaani sayansi ya maji, halina mahali bora pa kuanzia kuliko acequia, yaani mfereji wa udongo unaomilikiwa na wakulima wenyewe na kusimamiwa na mayordomo, ambaye ndiye hugawa zamu za maji.

Mfereji huo umebeba swali halisi la kisayansi. Sehemu ya maji yake hunywea ardhini kabla ya kufika shambani, na anayetazama shamba pekee atayahesabu kuwa yamepotea na kupendekeza mfereji usakafiwe kwa saruji. Hata hivyo, watafiti waliopima mifereji ya Alcalde, New Mexico, kando ya mto Rio Grande, walionyesha kwamba maji hayo hupandisha kiwango cha maji ya ardhini na baadaye hurejea mtoni. Mwanafunzi anaweza kulichunguza jambo hili kwa vifaa vya bei nafuu: hupima eneo la mkato wa mfereji, huachia kitu kinachoelea ili apate kasi ya maji ya juu, huizidisha kasi hiyo kwa takriban 0.85 ili kukadiria kasi ya wastani, huzidisha kasi hiyo ya wastani kwa eneo la mkato ili apate mtiririko, kisha hulinganisha mtiririko wa sehemu mbili ambazo katikati yake hakuna maji yanayochepushwa, ili akadirie maji yaliyonywea ardhini.

Katika kazi hiyo mayordomo ni chanzo cha dhana za kupimwa, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye ni kipande gani hunyonya maji zaidi na katika mwezi gani. Mtafiti wa elimu Luis Moll na wenzake walitetea wazo la namna hii mwaka 1992, baada ya walimu wa Tucson, Arizona, kuzitembelea kaya za wanafunzi ili wajifunze maarifa yaliyomo. Kubandika majina ya vyakula vya Kimeksiko kwenye maswali ya zamani hakufikii hapo hata kidogo. Chakula chenyewe, kikichunguzwa kwa dhati, kina kemia ya kutosha: mahindi yakichemshwa kwa maji ya chokaa huachilia niasini (vitamini B3), kinga dhidi ya pelagra, ugonjwa unaotokana na upungufu wa vitamini hiyo, ujuzi ambao haukusafiri na mahindi yalipopelekwa Ulaya na Afrika.

Napendekeza kozi ya mfereji iwekwe katika muhula wa machipuko, wakati wanajamii wanapousafisha, ili wanafunzi wapime umbo lake ukiwa mkavu, kisha warudi kupima kasi maji yakishafunguliwa.